Ofa Tatu za Papa Evariste

Baba yangu hakuwahi kununua kitu bila kukichunguza. Hata kiberiti. Alitikisa kibweta, akatoa njiti moja, akaigeuzageuza mbele ya jicho, kisha akauliza kama kuna aina nyingine. Muuzaji alibaki akiwatazama watu waliopanga foleni nyuma yetu, nami nikibaki naona aibu ya kufa, kwa sababu wa kumwambia Papa kwamba hakuna aina nyingine nilikuwa mimi, na ilibidi nimwambie kwa kupiga kelele.

Masikio yake yaliliwa na mawe. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye konkaseri, ile mashine ya kuvunja mawe ya shaba kabla hayajasagwa, kwanza kama fundi, baadaye kama shefu wa timu ya matengenezo. Sikio la kushoto lilikufa kabla sijamaliza shule. La kulia lilikuwa linajivuta. Ukikaa karibu nalo na ukasema kwa nguvu, neno lilifika. Ukigeuka upande, alikutazama tu na kusema, "Nini?"

Alistaafu mwaka wa tisini na moja, mwaka ule ule wa uporaji, askari na raia walipovunja maduka na nyumba za watu, mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Tukaihama nyumba ya kambi ya kiwanda, tukahamia mtaa wa Kikula, hapa hapa Likasi, kwenye vyumba viwili vya matofali mabichi alivyojenga mwenyewe. Huko ukuta ni jina tu. Jirani akifunua sufuria, wewe ndiye unayejua amepika nini. Dada yangu mkubwa, Suzanne, alikuwa Ubelgiji tangu mwaka wa themanini na nane. Alikwenda kusomea uuguzi, akabaki kufanya kazi. Mimi, Danielle, nilibaki na Papa, nikifundisha darasa la tatu kwa mshahara wa viazi na unga walioleta wazazi wa watoto.

Mwezi wa pili mwaka wa tisini na nne, Masera Rosalie, mtawa wa misheni, alirudi kutoka likizo kwao Ubelgiji, akatuletea bahasha nono kutoka kwa Suzanne. Ndani mlikuwa na kaseti moja ya video, dola mia moja themanini, na kikaratasi. Nilimsomea Papa kikaratasi hicho mdomo ukiwa karibu na sikio lake la kulia. Suzanne aliandika: "Papa, kaseti hii ni yako. Weye usikie wa kwanza, kiisha bengine. Feza ni ya kununua mashini ya kuionea."

Papa alikishika kile kikaratasi, akakisoma mwenyewe mara mbili. "Wa kwanza," akasema. "Umesikia? Minye wa kwanza."

Nilikwenda kwa Masera siku ile ile, nikamwomba apeleke habari Ubelgiji kwa njia yao ya misheni, maana posta yetu ilikuwa imekufa zamani. Habari yenyewe ilikuwa fupi: kaseti imefika, aksanti. Kisha nikaanza kungoja Papa anunue mashine. Nilidhani tungengoja juma moja.

Mashine yenyewe haikuwa kitu cha ajabu. Televisheni tulikuwa nayo, ya zamani, yenye ganda la mbao, tuliyotoka nayo kambini. Lakini spika yake ilikoroma tu. Papa aliitazama habari ya Kinshasa pua ikigusa kioo na bado hakuambulia kitu. Ilihitajika deki ya kuchezea kaseti. Ilihitajika ampli, yaani kile kisanduku cha kuikuza sauti, na bafle, spika zake mbili. Na juu ya yote ilihitajika tundu la kaske, ile ya kuvaa masikioni, ili sauti iingie kwa Papa kwa nguvu zote bila Kikula nzima kujua Suzanne amesema nini. Tena vyote viwe vidogo. Watu wa Likasi walipenda bafle za kufika kiunoni, lakini baada ya uporaji Papa hakutaka ndani ya nyumba kitu kisichoweza kufichwa kwenye pipa la unga. Alichukua uzi, akalipima pipa, akakata uzi huo, akautia mfukoni. Alitembea na uzi ule kwa mwaka mmoja na nusu.

Hadi hapo nilikuwa upande wake. Mzee asiyesikia anataka kumsikia mtoto wake: nani atapinga? Niliyempinga ni yule shefu wa matengenezo aliyebaki ndani yake.

Kiwandani, kwa miaka yote ile, kipuri hakikununuliwa bila ofa tatu. Wauzaji watatu, bei tatu, karatasi tatu mezani siku moja. Shefu anasoma, analinganisha, anatia sahihi. Ndivyo ilivyokuwa wakati kulikuwa na wauzaji, na karatasi, na meza. Papa akatoa daftari, akapiga mistari kwa rula, akafanya safu tatu. Pembeni akaandika: deki, ampli, bafle, kaske, volti, rangi, kipimo, bei. Mwaka wa tisini na nne! Mjini hapa sabuni ilikuwa ikipatikana kwa bahati, na baba yangu alikuwa akitafuta ofa tatu za deki ya video.

Ofa ya kwanza ilikuja yenyewe. Jean-Luc, kijana aliyekuwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa kila mwezi kuleta bidhaa za Zambia, alikuwa na deki nzuri nyeusi na ampli ndogo yenye redio ndani yake, vyote kwa dola mia moja na arobaini. Tulimkuta sokoni, amevifunika kwa kitenge. Papa alipiga magoti kwenye vumbi, akavaa miwani, akaigeuza deki kichwa chini, akasoma bamba la nyuma kama padri anavyosoma Injili.

"Hii ni ya rangi za Zambia," akasema. "Huku kwetu ni norme ingine."

"Ni kweli, mukubwa," Jean-Luc akajibu. "Pa televisheni yenu image itatokea noir et blanc. Mais sauti iko propre, safi kabisa."

"Nini?"

"ANASEMA SAUTI IKO PROPRE!" nikapiga kelele. "RANGI NJO HAIKO!"

Wauza mihogo wote wakageuka. Papa akajifuta magoti.

"Mutoto wangu nimemuona mwisho miaka sita yakupita. Nimuone wa majivu sawa muntu wa picha ya matanga? Hapana. Andika, mama, ofa numero moja."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na siku hiyo hata jina hilo liliniudhi. Niliandika. Jean-Luc alituangalia kwa huruma. Baadaye sana mtu alinieleza kwamba kaseti za Ubelgiji na mashine za Zambia ni za aina moja ya rangi, kwamba deki ile ilikuwa ndiyo hasa, na kwamba hata bila rangi tungesikia kila neno. Fundi Floribert angetuambia hivyo siku ile ile. Yeye ndiye aliyetengeneza redio zote za Kikula. Lakini Floribert alipanda treni ya Kasai mwaka wa tisini na tatu pamoja na mke wake na watoto, kama watu wengine wote wa asili ya Kasai waliofukuzwa huku kwetu, na kibanda chake sasa kilikuwa kinauza chumvi.

Ofa ya pili tuliipata mwezi wa tano, kwa mzee mmoja aliyekuwa akilinda nyumba ya mhandisi aliyeondoka. Ilikuwa chaîne nzima: deki, ampli, bafle nne, kila moja urefu wa mtoto wa darasa langu. Mzee alipoiwasha vioo vya dirisha vilitetema na Papa akatabasamu, maana hata sikio la kushoto lilihisi kitu. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Papa akatoa uzi.

Bafle ilikuwa ndefu kuliko pipa mara mbili. Tena tundu la kaske lilikuwa limevunjika.

"Andika," akasema.

"PAPA, SASA TUANDIKE YA NINI KAMA HAUIPENDE?"

"Juu ofa ni ofa. Bila mubaya, utajuaje muzuri?"

Tukaitafuta ya tatu. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Kila Jumamosi nilimshika mkono tukazunguka soko la Kikula, tukapanda hadi katikati ya mji kwenye maduka ambayo nusu yalikuwa yamefungwa kwa mbao, tukaenda mpaka Kamatanda kwa sababu mtu fulani alisema wachimbaji wamepata pesa na wananunua vyombo. Kamatanda tulikuta redio moja ya betri, na mwenyewe hakuiuza. Tulirudi kwa miguu, kilomita zote zile, na Papa akawa ananiambia kwamba kazi nzuri haina haraka. Kumjibu kulihitaji kelele, na sikuwa na kelele zilizobaki.

Tuliporudi kwa Jean-Luc mwezi wa tisa, ofa ya kwanza ilikuwa imeuzwa zamani.

"Basi tunaanza upya," Papa akasema. Aliufunga ukurasa, akafungua mwingine, akapiga mistari. "Zote tatu zikuwe wazima siku moja. Ofa yenye kufa haina ofa."

Nilitamani kulitupa daftari lile jikoni kwenye makaa. Nasema kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, wenzangu wote wa shule wana watoto, na mimi Jumamosi zangu zinakwisha nikipiga kelele za bei sokoni mpaka watoto wa mtaa wakaanza kuniigiza. "Rangi njo haiko!" walipiga kelele nikipita. Na sikio la kulia lilikuwa likizidi kufunga. Mwanzoni mwa mwaka alinisikia nikiwa mlangoni. Kufika mvua za mwezi wa kumi, ilibidi niweke mdomo sikioni kabisa. Muuguzi wa zahanati alilichungulia na tochi, akaniambia pembeni kwamba halitachukua muda mrefu kufa kama la kushoto. Sikumtafsiria Papa.

Tena kulikuwa na Damas, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa na deki na televisheni kubwa na aliyeonyesha filamu za ngumi za Wachina, watu wakilipa mlangoni. Tangu siku ya kwanza alituambia njooni asubuhi, nitafunga mlango, hamtalipa kitu. Papa alikataa. Kwa Damas hakukuwa na kaske. Ili yeye asikie, ingebidi sauti ifunguliwe mpaka mwisho, na benchi zote za mtaa zingeyajua mambo ya nyumba yetu kabla ya yeye kuyaelewa.

Siku moja, Papa akiwa kwenye mkutano wa wastaafu, nilifungua sanduku la bati. Kaseti ilikuwa chini, imefungwa kwenye kitenge cha mama. Niliificha kati ya madaftari ya wanafunzi, nikaenda kwa Damas. Alikuwa katikati ya filamu, watu kama ishirini ndani.

"Leta," akasema. "Nitabafukuza bote, dakika moja tu."

Nilisimama pale mlangoni. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika. Kisha nikakikumbuka kile kikaratasi, weye usikie wa kwanza, na nikaona nikimwibia Papa kitu kimoja ambacho hakuna aliyemwibia bado. Nikamwambia Damas nitarudi siku nyingine. Niliirudisha kaseti sandukuni na nikajiona mtoto mwema, jambo linalonichoma hadi leo kuliko yote.

Suzanne hakuandika. Tulilaumu posta, tulilaumu vita vya Rwanda, tulilaumu ndege. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine.

Mwezi wa saba mwaka wa tisini na tano, Jean-Luc alinisimamisha njiani nikitoka shule. Alikuwa amepata seti mpya, na hii niliyoiona ndiyo niliyokuwa nikiiota. Ampli yenye redio, nyembamba, unaweza kuibeba kwapani. Bafle mbili ndogo za ukubwa wa mkate. Deki inayokubali rangi za Zambia, za kwetu na za Amerika, kaske ikiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Volti mia mbili na ishirini. Dola mia moja sitini na tano.

"Ninakubakishia mpaka siku ya tano," akaniambia. "Kupita pale, ninauza. Weye unamujua Papa yako."

Nilimjua. Nilikaa njiani kwenye jiwe nikalia kwa hasira, mwalimu mzima, mbele ya watu. Kisha nikaenda nyumbani, nikalichukua daftari, na nikafanya jambo ambalo ningelipigia mwanafunzi wangu fimbo. Nilizua ofa mbili. Moja nilisema ni ya mama mmoja wa mtaa wa Panda: dola mia mbili arobaini, bafle kubwa, bila kaske. Nyingine ya duka la Mgiriki mjini: dola mia moja tisini na tano, rangi aina moja tu, volti mia moja na kumi. Niliyajaza masanduku yote. Ya tatu nikaandika ya Jean-Luc, neno kwa neno, kweli tupu.

"UMEZITAFUTA WAPI, PAPA ATAULIZA," nilijisemea kwa sauti. Hata peke yangu nilikuwa nimezoea kupiga kelele.

Hakuuliza. Alilipokea daftari kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu kambini. Ofa tatu, hai, siku moja! Alizisoma siku nne. Alizungusha duara, akafuta, akatoa hesabu ya volti pembeni, akanituma nikapime bafle za Jean-Luc kwa uzi. Siku ya nne jioni alitia sahihi.

"Unaona, mama?" akaniambia. "Kama tulikuwa na haraka, sasa tungekuwa na ile ya Panda."

Sikujua nicheke au nimpige. Nilisema, "NI KWELI, PAPA."

Tuliileta nyumbani ndani ya gunia la unga. Umeme ulikuwa umekatika. Mtaa wetu uliishi bila transfoma juma zima mara kwa mara, ingawa bwawa la umeme la Koni liko hapo karibu, na nyaya zake tunaziona zikipita juu kwenda kwingine. Tukangoja siku tisa. Jumapili moja ya mwezi wa nane, tukiwa tumetoka misa na bado sijavua viatu, balbu ya sebule ikawaka.

Papa alikuwa tayari amefunga nyaya zote. Akazikagua tena, moja baada ya nyingine, akigusa kila tundu na kulitaja jina. Akavaa shati jeupe. Akaketi kwenye kiti, akavaa kaske, akanionyesha kidole: weka. Niliingiza kaseti nikaketi kwenye mkeka pembeni yake. Kaske ikichomekwa, bafle zilinyamaza, kwa hiyo mimi niliona tu.

Suzanne alitokea, na alikuwa na rangi. Gauni la buluu, nywele zimesukwa, amenenepa kidogo. Aliketi kwenye kochi na pembeni yake aliketi kijana mwenye suti, Mwafrika kama sisi, ameshika magoti yake. Mdomo wa Suzanne ukaanza kwenda.

"NASIKIA!" Papa alipiga kelele kwa nguvu mpaka kuku wakaruka uani. "Danielle! Nasikia yote! Hata anavuta pumzi, nasikia!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mimi pia. Nilimsamehe yote pale pale: uzi, Kamatanda, daftari. Kwenye kioo, yule kijana aliinuka kochini, akapiga magoti kwenye zulia, akakunja viganja na kupiga vikofi vya pole vya heshima, vile anavyopiga mtu anayeingia kwa wakwe. Nikaelewa. Nikaruka kwenye mkeka, nikamshika Papa goti. Papa akacheka, akamwitikia kwa vikofi vyake, kup-kup-kup, mbele ya televisheni.

Kisha Suzanne akasema maneno mengine, taratibu, akiitazama kamera. Vikofi vya Papa vikapungua. Vikakoma.

Picha ikaisha, kukawa na chenga tupu. Papa hakuvua kaske. Aliniuliza bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida ambayo nilikuwa nimeisahau:

"Kaseti ilifika mwezi gani?"

"MWEZI WA PILI."

"Mwaka gani?"

"YAKUPITA, PAPA. TISINI NA NNE."

Akavua kaske, akanivalisha mwenyewe, akarudisha kaseti mwanzo. Sauti ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho na ilinipasua kichwa, lakini sikuipunguza.

"Papa, yambo," dada yangu alisema. "Huyu njo Georges. Bazazi yake ni bantu ya Kolwezi. Ananiomba. Sikutaka kuandika, juu mambo ya ndoa haiombwake na karatasi. Muntu aonekane, asikiwe. Masera akinituma habari kaseti imefika, nitajua umesikia. Tutangojea neno yako mpaka Pasaka. Kama hausemi kitu, nitajua umekataa. Sitakasirika, Papa. Sitauliza mara ya pili, na sitaenda na muntu mwenye weye umekataa."

Habari kwamba kaseti imefika niliipeleka mimi. Niliipeleka siku ile ile, nikijivunia upesi wangu.

Siku hiyo nilimwambia Papa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwita mjinga. Nilimwambia ofa mbili zilikuwa za uongo, kwamba hakuna mama wa Panda, hakuna Mgiriki, kwamba amekaa siku nne anachagua kati ya kitu na hewa. Sijui alisikia kiasi gani. Damas alisikia, na mkewe, na nyumba zote za mstari wetu. Papa alikaa na shati lake jeupe, mikono mapajani, akinitazama mdomo. Nilipochoka nililala kwenye mkeka na yeye akaizima ampli.

Asubuhi nilikuwa misheni kabla ya kengele. Masera Rosalie alisikiliza, akakaa kitini, akaandika kila kitu. Jibu lilichukua majuma matatu kurudi. Lilikuwa la mistari miwili. Georges alingoja hadi Pasaka, kisha hadi siku za joto, kisha akaenda. Alioa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule wa tisini na nne. Suzanne ni mzima na anafanya kazi, anamsalimu Papa.

Nilimwambia Papa uani, mdomo sikioni, lakini sikupiga kelele kama kawaida. Alinikatiza kabla sijafika mwisho wa mstari wa pili.

"Rudi kwa masera," akasema. "Umupatie ile neno yangu. Useme nimekubali."

"Papa, sasa ni ya nini? Kijana ameisha kuoa."

"Hii mwaka na nusu yote mutoto anajua minye nilimukatalia." Alisimama, akatafuta pa kushika, akaushika mlango. "Sikumukatalia. Endaka."

Nilikwenda. Jua lilikuwa kali na nilitembea kwa hasira njia nzima, hasira juu yake, juu ya Suzanne na kiburi chake cha kutouliza mara ya pili, juu yangu mwenyewe pale kwenye mlango wa Damas. Masera alikuwa bustanini. Aliingia ofisini, akanawa mikono, akachukua kalamu.

"Papa anasema amekubali," nikamwambia. "Amemukubali Georges, na anababariki bote mbili."

Kalamu ikabaki hewani. "Mais, Danielle, yule kijana ameisha kuoa."

"Najua, masera," nikasema. "Andika tu."